Ufa wa Kioo Hauzibwi

Siku ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile Alhamisi nilipofunga lango la gereji ya watu kwa kufuli yao wenyewe, nikachomoa ufunguo, nikautia kwenye sidiria, kisha nikageuka nikawaambia waliokuwa ndani kwamba leo hatoki mtu hapa mpaka nijibiwe.

Cheka kama unataka. Baba yako alicheka siku tatu. Lakini ukimaliza kucheka usome polepole.

Nilikuwa nimeingia gereji hiyo, iliyo upande wa viwanda hapa Nakuru, nikiwa nimekumbatia blanketi lako la rangi ya waridi kama mtu aliyebeba mtoto. Ndani yake hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na kipande cha kioo chenye urefu wa kisu cha mkate na ncha kama ya mkuki. Nikakilaza juu ya meza ya mwenye gereji, mtu anayeitwa Fundi Jaymo, nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa kwamba hiki kimetoka kwenye sanrufu ya gari langu, yaani kile kioo cha kwenye paa alichoniwekea wiki mbili zilizopita, na kimeangukia kiti cha mtoto wangu.

Jaymo akakitazama. Akapuliza chai yake. Akasema, "Mathe, kioo ni kioo. Ulitaka kioo, nikakuwekea kioo. Nyinyi wamama mnafunganga milango ya gari kama milango ya jela."

Wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulikatika, mwanangu. Niliusikia ukikatika kama kamba ya kuanikia nguo iliyobebeshwa blanketi bichi. Sikupiga kelele. Nilitembea hadi langoni nikafanya nilichofanya.

Najua wanaotoa nasaha huwa na mvi na mkongojo. Mimi nina miaka ishirini na sita, nilimaliza kidato cha nne, sina mvi hata moja, ingawa huu mwaka wa elfu mbili na nane umejitahidi kunipa. Wewe una miaka miwili na nusu na kitu pekee unachoweza kusoma ni picha ya ng'ombe kwenye pakiti ya maziwa. Lakini sitaki kungoja nizeeke ndipo nikuambie, kwa sababu nikizeeka nitakuwa nimepoa, na jambo hili linafaa kusemwa likiwa bado moto.

Basi turudi nyuma kidogo.

Mwaka jana, elfu mbili na saba, baba yako na mimi tulinunua gari letu la kwanza, steshen wagon iliyotumika huko Japani, ili niweze kusambaza maziwa na mayai madukani bila kuomba lifti. Lilikuwa gari la kawaida kabisa ila kwa kitu kimoja: lilikuwa na sanrufu. Mtaa wetu mzima hakuna gari lingine lililokuwa nayo. Mwanangu, nisikudanganye, niliringa. Nilikuwa naifungua hata kukiwa na baridi. Na wewe ndiye uliyeipenda kuliko sote. Ulikaa kwenye kiti chako cha nyuma, shingo imekunjwa kama kuku anayekunywa maji, ukihesabu mawingu kwa hesabu yako ya moja, tatu, moja. Ndege wa ziwani wakipita juu ulipiga kelele hadi nikasahau njia.

Halafu ikaja Januari ile ya fujo za baada ya uchaguzi. Sitakusimulia, utaambiwa na wengi, na kila mmoja atakuambia yake. Nitakuambia tu habari za vioo. Mji mzima ulikuwa na magari yaliyopigwa mawe. Kila fundi aliyejua kushika gundi alijiita fundi wa vioo. Spea za kutoka Nairobi zilikuwa zikichelewa, barabara zilikuwa na wasiwasi, na watu walizoea kuendesha magari yenye karatasi ya nailoni dirishani. Letu lilipona. Nikasema Mungu ametuficha.

Mwezi wa tatu, mambo yalipotulia, tulikuwa tunateremka kwenda Subukia kwa cucu wako, mama ya baba yako. Ile miteremko unaijua, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili, na nyani wamekaa kando ya barabara kama wazee wa kamati. Wakati tunapita, kundi lilikuwa linapanda ukuta ule wa mlima. Mmoja mkubwa akateleza kidogo, akasukuma jiwe. Jiwe halikuwa kubwa kuliko kiazi. Likaanguka, pa, moja kwa moja kwenye sanrufu.

Hapo nikajifunza jambo la ajabu kuhusu watu wangu. Kila niliyemwonyesha lile jeraha aliniuliza kwanza ni nani aliyerusha jiwe, akimaanisha ni wa kabila gani. Nikawaambia nyani. Wengine walionekana kama wamenyimwa kitu.

Jeraha lenyewe lilikuwa dogo, kama harage, karibu na ukingo. Kioo hakikupasuka. Sasa ndipo mjadala ulipoanza nyumbani, na mjadala huo ndio kisa chenyewe: tukitengeneze kile kioo au tukibadilishe?

Baba yako alisema tubadilishe, lakini alisema akiwa anaangalia mpira, kwa hiyo sikuhesabu. Cucu wako alisema tukitoe tuchomelee bati, maana paa ni paa, na gari ni la kubebea maziwa si la kuangalia nyota. Nikaona anataka kunitia aibu mtaani. Majirani wote, na hata pasta, walinipa methali moja: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba, Mama Nyambura, ziba mapema. Ilinipendeza methali hiyo, kwa sababu ilisema nilichotaka kusikia.

Nikaenda kwa Mzee Gurdial. Huyu ni Kalasinga mzee, mwenye kilemba cha bluu, aliyezaliwa hapa Nakuru kabla mama yangu hajazaliwa. Ana duka la vioo mkabala na ile gereji ya Jaymo; huuza vioo vya madirisha ya nyumba na hutengeneza fremu za picha. Sikwenda kununua, nilikwenda kuuliza tu, maana alimwekea mama yangu madirisha na hayajawahi kuvuja. Alitoka nje, akapanda kwenye kreti la soda, akapitisha kidole juu ya lile harage kwa muda mrefu kama daktari.

Akaniambia hivi, na nakuandikia vile nilivyoelewa. Kioo cha mbele cha gari kina matabaka mawili na utando katikati, kwa hiyo kikipata jeraha dogo kinaweza kujazwa gundi na kikaishi. Lakini hiki cha juu kimepikwa kwa moto kikapozwa ghafla. Ndiyo maana kikivunjika kinamwagika kama mahindi, punje punje, hakimkati mtu. Nguvu yake imefungiwa ndani. Ukikijeruhi karibu na ukingo, siku moja jua litakipiga au utaingia shimoni, nacho kitamwagika chote. Hakizibwi. Kinatolewa, kinawekwa kingine kilichotoka kwenye gari la aina ileile, kikiwa na alama ndogo ya kiwanda kwenye pembe. Kupata kingine kutachukua wiki mbili, labda tatu. Kwa sasa nikitoe kile kibovu na nifunike kwa bati au nailoni.

Nikamtajia methali yangu. Alitabasamu akashuka kwenye kreti.

"Mama, hiyo methali ni ya ukuta wa udongo," akasema. "Kioo hakijui Kiswahili."

Sasa sikia makosa yangu, mwanangu, na usiyapunguze. Nilimsikia. Nilimwelewa. Lakini mvua ndefu ilikuwa inaanza, na nikajiona nikipita mbele ya maduka ya wateja wangu na nailoni juu ya kichwa kama kibanda cha mboga. Wiki tatu! Nikavuka barabara hatua ishirini, nikaingia kwa Jaymo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema. Mimi guu langu ni zima. Ndiyo maana nina hasira mara mbili: adhabu ya ukaidi wangu haikunijia mimi.

Jaymo alikuwa na jibu zuri. Alisema Wahindi wanapenda kuchelewesha watu, na kwamba yeye hazibi, anabadilisha kabisa, kioo kipya, na kesho nitakuwa barabarani. Nikafurahi kweli kweli. Nimepata yote mawili, nikajiambia, kubadilisha kama mzee alivyosema na haraka kama nilivyotaka.

Kesho yake nikaketi kwenye benchi lake na wewe mapajani nikatazama kazi. Alileta kipande kikubwa cha kioo kutoka nyuma. Akapima sanrufu kwa karatasi ya boksi. Akachukua kile kisu chenye jino la almasi, akakichora kioo mara moja, mkono haukutetemeka, akakigonga kwa chini, tak, kikakatika kama biskuti. Pembe akazizungusha kwa jiwe la kunolea na maji. Mwanangu, ilikuwa kama kutazama mchezo. Nilimsifu kwa sauti. Wewe ulipiga makofi. Akakibandika karatasi nyeusi ya tinti, akakizungushia gundi ya silikoni, na kikakaa pale kama kimezaliwa pale.

Mzee alikuwa amenieleza kuhusu alama ya kwenye pembe. Sikuangalia. Tinti ilikuwa inang'aa.

Wiki mbili tukatembea nacho. Jumatano, siku moja kabla ya ile Alhamisi, tulikuwa tunarudi kutoka Subukia, mimi, cucu wako na wewe. Jua lilikuwa kali baada ya mvua. Tukasimama kando ya barabara nipakie kabichi, na cucu akakutoa kwenye kiti chako ukojoe. Nikapakia kabichi. Nikafunga mlango wa nyuma, kwa nguvu ya kawaida ya mtu aliyechoka.

Kikapasuka juu kwa mlio mmoja mkavu. Hakikumwagika punje punje. Kilianguka vipande vinne virefu, na kimoja kikasimama wima, kimechomeka kwenye kiti chako, mahali ambapo huwa unaegemeza shingo ukiangalia mawingu.

Wewe ulikuwa hatua tatu kutoka hapo, umechuchumaa, unamwonyesha cucu mdudu.

Cucu alikichomoa kile kipande kwa upindo wa kanga yake, akakizungushia blanketi lako, akanikabidhi. Macho yake yalisema kila kitu kuhusu bati.

Kwa hiyo unaelewa sasa kwa nini Alhamisi ile nilipoambiwa kioo ni kioo nilifunga lango.

Ndani tulikuwa watano: mimi, Jaymo na wale wateja watatu. Jaymo kwanza alicheka. Akasema nimeachwa na bwana ndiyo maana natafuta wanaume wa kufungia. Nikamwambia bwana wangu yuko, na leo usiku atapika mwenyewe. Kisha akakasirika akadai ufunguo. Nikamwonyesha ulipo nikamwambia ajaribu.

Mmoja wa wale wateja, mwanaume mwembamba mwenye koti la kijani, ndiye aliyekuwa amecheka zaidi. Alikuwa dereva wa gari la shule ya chekechea, na gari lenyewe lilisimama pale nyuma yake, njano, na picha za wanyama ubavuni. Madirisha yake yote ya upande mmoja yalikuwa mapya. Yalikuwa yamevunjwa Januari, akaniambia baadaye. Nilipoyaona, miguu yangu iliniongoza yenyewe. Nikaangalia pembe ya dirisha la kwanza. Hakuna alama. La pili, hakuna. Nikapitisha kidole ukingoni, nikahisi mikwaruzo ya jiwe la kunolea, ileile niliyoitazama nikiwa kwenye benchi.

Dereva aliacha kucheka. Akaja karibu, akaangalia nilipokuwa naangalia.

"Madam," akasema, "hata hizi zangu?"

"Hata hizo zako."

"Jumatatu shule inafunguliwa. Mimi nabeba watoto kumi na wanane."

Nikamwambia asiwabebe. Akaniambia yeye ni dereva tu, gari ni la mwenye shule, na asipolipeleka kuna wengine kumi wanaotaka hiyo kazi. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuonyesha mkono uliofungwa.

Basi hapo nikapandwa na hasira kabisa. Nikaenda langoni nikaanza kuwaambia wapita njia. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikainua kile kipande juu. Nikasema huyu mtu anaua watoto. Watu wakaja, unajua barabara ile saa sita mchana, watu hawakosi. Kumi, ishirini, halafu sikuweza tena kuhesabu. Wengine wakatikisa lango. Nisikufiche, mwanangu, niliona raha. Nilihisi kama nina mgongo wa chuma. Kila nililosema wao walilirudisha likiwa kubwa zaidi.

Kisha sauti moja ya nyuma, sikuona uso, ikauliza swali lile.

"Huyo Jaymo kwanza ni wa wapi?"

Niliona vichwa vikigeuka, mtu akimuuliza mwenzake, na mmoja akainama kuokota kitu barabarani. Niligeuka nikamtazama Jaymo. Alikuwa amelisikia pia. Ile kejeli yote ilikuwa imemtoka usoni, amebaki mtu wa kawaida mwenye mikono michafu, anatafuta kwa macho mahali ambapo ukuta ni mfupi. Na mimi ndiye niliyekuwa nimemfungia.

Mzee Gurdial alivuka barabara akiwa na makasi yake ya kazi mfukoni. Watu walimpisha kwa sababu ya umri. Akafika langoni akaniangalia kupitia vyuma, na hakunitazama kwa huruma.

"Mama, nipe huo ufunguo," akasema. "Hasira yako ni ya kioo. Hawa wako na hasira yao nyingine, na wewe unawafungulia mlango."

Hayo tu. Nimepigwa viboko shuleni, nimekemewa na baba yangu, nimeonywa kanisani, lakini sijawahi kukaripiwa kama nilivyokaripiwa na maneno hayo. Nikautoa ufunguo mbele ya watu wote, bila aibu, nikampa. Akafungua lango wazi kabisa, akawaambia watu kwa sauti ya mwenye duka anayefunga kwamba hakuna kitu cha kuona, mama huyu na fundi wana kesi na kesi itaandikwa. Walinung'unika. Wakaondoka mmoja mmoja, kama watu walioambiwa ugali haujaiva.

Akanipeleka dukani kwake, akanikalisha kati ya fremu, akanipa chai ya tangawizi, karatasi na kalamu. Akasema nimwandikie afisa wa biashara wa wilaya.

Nikaandika kurasa mbili. Akavaa miwani akazisoma zote. Akanirudishia. Akasema nimeandika matusi mazuri, lakini afisa hawezi kukamata gari kwa matusi. Anataka kujua niliona nini. Kisha akaniuliza kile kioo kilipokuwa kinakatwa mimi nilikuwa wapi.

Nikamwambia nilikuwa kwenye benchi.

Akaniuliza nilikuwa nafanya nini.

Nikamwambia nilikuwa namsifu.

Hakunicheka. Akanieleza kwamba kioo cha gari kilichopikwa hakikatwi. Ukikigusa kwa kile kisu kinamwagika chote mkononi mwako. Kwa hiyo ukiona mtu anakikata mbele yako, tayari umejua kwamba si chenyewe. Mimi nilikuwa nimeona ushahidi wote kwa macho yangu mawili, nikapiga makofi. Nikasema sitaliandika hilo, wataniona mjinga. Akasema bila hilo nina hadithi tu, na nikiliandika nina ushahidi. Mficha uchi hazai, akaniambia, na nikashangaa amejifunza wapi methali hiyo, halafu nikakumbuka ni mtu wa hapa kuliko mimi.

Nikafikiri amemaliza. Lakini alibaki akizungusha kikombe chake.

"Hiyo kioo ilitoka hapa kwangu," akasema. "Tangu Januari amenunua karatasi nyingi za kioo. Alisema ni ya madirisha ya nyumba. Mimi sikuuliza nyumba gani."

Tukatazamana, mwanangu, mzee wa vioo na mama wa mayai. Kisha akasogeza kiti, na tukaanza ukurasa mpya pamoja.

Sasa nasaha zangu, uzishike.

Kitu kikiharibika usiulize kwanza ni lipi la haraka, kutengeneza au kubadilisha. Uliza kitu hicho ni cha namna gani. Kuna vitu vinazibika, na ukiviacha utajenga ukuta kweli. Sufuria, nguo, ndoa nyingi, hata kioo cha mbele cha gari. Na kuna vitu ambavyo jeraha lake haliingii gundi, navyo ukiviziba unajidanganya tu. Hivyo vibadilishe, na ubadilishe kwa chenyewe, si kwa mfano wake. Ukikosa chenyewe, weka bati. Gari letu sasa lina bati, limechomelewa vizuri, na cucu wako hulipiga kofi kila akija kama mtu anayemsalimu mjukuu. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Methali ni zana, mwanangu, kama spana. Usiingize namba kumi na saba kwenye nati ya kumi kwa sababu tu ndiyo iliyo mkononi.

Mtu akikufanyia kazi, mtazame mikono, lakini tazama pia anachokishika. Ustadi unaweza kukupumbaza kuliko uvivu.

Na hasira usiiue. Wengi watakuambia hasira hasara, mwanamke mzuri ni mpole, na mambo kama hayo. Isingekuwa hasira yangu, nisingegeuka nikaangalia madirisha ya lile gari la njano. Lakini ijue ni ya nini, uishike kwa kamba fupi, usiikopeshe kwa watu usiojua wataifanyia nini. Ipeleke mezani, uipe kalamu. Na ukiandika, jiandike na wewe.

Mungu akupe shingo ndefu ya kuangalia mawingu yako, na paa imara juu yake. Akupe jicho la kuona alama ndogo pembeni. Akupe mdomo usionyamaza, na siku mdomo huo utakapokuzidi, akuletee mtu wa kusimama langoni akudai ufunguo. Amina.

Na hii ndiyo barua yenyewe niliyoipeleka Ijumaa asubuhi, neno kwa neno.

*Kwa Afisa wa Biashara wa Wilaya, Nakuru.*

*YAH: VIOO VYA MADIRISHA YA NYUMBA KUWEKWA KWENYE MAGARI*

*Mheshimiwa,*

*Mimi ni mkazi wa Nakuru, ninauza maziwa na mayai, na ni mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu. Ninaleta lalamiko dhidi ya gereji iliyotajwa kwenye karatasi niliyoambatanisha.*

*Mwezi uliopita gereji hiyo ilibadilisha kioo cha sanrufu ya gari langu. Niliambiwa ni kioo kipya cha gari. Kilikuwa kioo cha dirisha la nyumba. Najua hivyo kwa sababu kilikatwa kwa kisu cha almasi nikiwa nimeketi hatua mbili kutoka hapo, na kioo cha gari cha aina hiyo hakikatwi. Nilikiona kikikatwa na nikamsifu fundi. Nilikuwa nimeonywa na mtu anayejua, nikakataa kungoja. Hilo ni kosa langu na sikuombi ulifute.*

*Kioo hicho kilivunjika vipande virefu. Kimoja kilichoma kiti cha mtoto wangu. Nimekileta. Kiko kwenye blanketi, tafadhali kifunguliwe kwa uangalifu.*

*Siji kudai nirudishiwe chochote. Ninakuja kwa sababu ya gari la shule ya chekechea, rangi ya njano, ambalo namba yake iko kwenye karatasi ileile. Madirisha yake ya upande wa kushoto ni ya kioo hichohicho. Dereva anajua na hana uwezo. Mwenye shule huenda hajui. Jumatatu litabeba watoto kumi na wanane. Ninaomba lisimamishwe kabla ya siku hiyo, na gereji ilazimishwe kuwaita wateja wake wote wa tangu Januari na kuwaambia ukweli.*

*Ninaomba pia fundi huyo ashughulikiwe na sheria peke yake. Watu wasiambiwe anatoka wapi.*

*Nitakuja ofisini kwako leo jioni kabla hamjafunga kuuliza kama gari limesimamishwa. Kama halijasimamishwa, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nimesimama mbele yake, na mtoto wangu mgongoni.*

*Wako mwaminifu,*
*Mama Nyambura.*

*Shahidi: Gurdial, muuza vioo. Mimi ndiye niliyeuza kioo hicho, na sikuuliza.*